Mkate wa senti 14: nani alilipa bei ya chini ya chakula Marekani ya miaka ya 1950?

Wandugu, tuanze na bei, juu bei njo kitu kila mtu anaelewa, hata yule ambaye hajawahi kuingia ku auditoire ya ekonomi.

Marekani, mwaka 1950. Mkate wa libra moja (gramu 454): karibu senti 14. Mayai 12: senti 60. Kahawa, libra moja: senti 79. Mafuta ya gari, galoni moja ya karibu lita 4: senti 27. Ukienda kula hamburger kwa ndugu wawili McDonald ku San Bernardino, California, unatoa senti 15 na unarudishiwa feza zako zingine bila kungoja. Liste za namna hii zinatembea sana ku telefone zetu, na chini yake kila mara kuna mtu anaandika: «Dunia ilikuwa tamu zamani.»

Mimi nimesoma agronomi, sikusoma historia. Lakini mtu aliyesoma agronomi akiona bei ya mkate, anauliza mara moja: nani alilima ile ngano, na yeye alibaki na ngapi? Liste haisemi. Njo maana nimeandika hii.

Kwanza tupime hizo bei na kazi, siyo na dola ya leo. Mwaka 1950 mtumikaji wa kiwanda Marekani alikuwa anapata wastani wa dola 1.44 kwa saa. Kwa hiyo mkate wa senti 14 ulimuomba dakika sita za kazi. Mayai 12, dakika 25. Kahawa, nusu saa na kitu. Hapo unaona hali inabadilika kidogo: petroli na mkate vilikuwa rahisi, lakini mayai na kahawa havikuwa rahisi hivyo. Familia ya kati ilitumia karibu sehemu moja ya tano ya feza zake kwa chakula. Kwa kahawa kulikuwa hata kelele. Mwezi wa 7 mwaka 1953 baridi kali iliua miti ya kahawa ku Paraná, Brazili, na mwaka 1954 libra ilipita dola moja. Akina mama wa Marekani walikasirika, wengine wakaacha kununua, mambo ikafika hadi ku Kongresi. Watu wa Kivu wanaelewa hiyo hesabu kutoka upande mwingine: bei ya kahawa ikipanda kwa mnywaji, mahali fulani kuna mkulima miti yake imekufa.

Sasa, yule wa dola 1.44 ni mtu wa kiwanda, mwenye sendika. Chini yake kulikuwa sheria ya mshahara wa chini kabisa: kuanzia mwezi wa kwanza 1950, patro hakuwa na ruhusa ya kulipa chini ya senti 75 kwa saa, na mwaka 1956 ikafika dola moja. Sheria nzuri. Ilipigiwa kura mwaka 1938, wakati wa Roosevelt. Lakini soma vizuri ndani: watu wanaotumika ku mashamba hawakuingizwa. Watumishi wa nyumbani, wengi wao nao walibaki inje. Hata sheria ya pensheni ya 1935 ilikuwa imewaacha hao hao. Wabunge wa majimbo ya kusini walikuwa na nguvu kubwa ndani ya chama cha Roosevelt, na ku kusini mtumikaji wa shamba na mtumishi wa nyumbani, sana sana, alikuwa mtu mweusi. Hakuna aliyeandika neno «mweusi» ndani ya sheria. Hakukuwa lazima.

Weka hiyo kando kidogo, nitairudilia. Juu sitaki mtu afikiri kwamba mkate ule ulikuwa rahisi kwa sababu ya dhuluma peke yake. Hapana. Kulikuwa sayansi ya kweli, na mimi kama mtu wa fakilte ya agronomi siwezi kuipita mbio.

Chukua mahindi. Ku miaka ya 1930, hekta moja Marekani ilikuwa inatoa wastani wa karibu tani moja na nusu. Mwaka 1950 ikafika karibu tani 2.4, mwaka 1960 karibu tani 3.4. Miaka thelathini, mavuno mara mbili na zaidi. Kitu cha kwanza ni mbegu ibridi. Unachukua ukoo wa mahindi, unauzalisha wenyewe kwa wenyewe miaka kadhaa mpaka unakuwa dhaifu lakini safi. Unachukua ukoo mwingine vile vile. Kisha unavuka hii na ile, na mtoto anatoka na nguvu kuliko wazazi wote. Henry A. Wallace, mtu wa Iowa, alianzisha kampuni ya kuuzisha hiyo mbegu mwaka 1926. Baadaye akawa waziri wa kilimo, kisha makamu wa rais. Mwaka 1935 mashamba ya Iowa yenye mbegu ibridi hayakufika sehemu moja ya kumi. Miaka minne nyuma yake, karibu yote. Mimi sijui teknika ingine ya shamba iliyokimbia namna ile mahali popote. Kila mwaka ku mwezi wa 7, vijana wa Iowa walipata kazi ya likizo: kupita ku mistari ya mashamba ya mbegu, jua kali, wakiondoa kwa mkono ua la dume la juu ili mmea usijizalishe wenyewe. Vizazi vizima vya watoto wa kule feza yao ya kwanza ilitoka ku kazi ile.

Lakini mbegu ibridi iko na sharti moja ambalo sote tulifundishwa ku mwaka wa pili: ukirudisha mavuno yako udongoni, nguvu inashuka. Lazima ununue tena kila mwaka. Kwa hiyo mkulima wa Marekani akaacha kuwa mtu anayetunza mbegu ku ghala yake, akawa mnunuzi.

Kisha mbolea. Wakati wa vita Leta ilijenga viwanda vya amoniaki kwa ajili ya kutengeneza baruti. Vita ikaisha 1945, viwanda vikabaki, na azoti ile ile ikaenda ku mahindi. Kisha DDT, iliyoruhusiwa kuuzishwa kwa raia mwaka 1945 na ikamwagwa kila mahali. Kisha trakta: karibu milioni 1.6 mwaka 1940, milioni 3.4 mwaka 1950, milioni 4.7 mwaka 1960. Farasi na nyumbu wakapungua, na udongo mkubwa uliokuwa unawalisha wao ukaanza kulisha soko.

Na umeme. Hapa siye tunaojua delestaje tusikilize vizuri. Mwaka 1935 ni shamba moja tu kati ya kumi lililokuwa na umeme, juu makampuni yalisema kuvuta nyaya porini haileti faida. Leta ikaunda biro maalum, ikakopesha feza kwa riba ndogo, na wakulima wenyewe wakaunda kooperative zao, wakasimamisha miti ya nyaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 karibu mashamba tisa kati ya kumi yalikuwa yanawasha taa. Pompe ya maji, mashini ya kukamua ng'ombe, frigo, pasi. Hili ndilo jambo mimi ninalowaonea wivu kuliko hamburger.

Ku miji, matokeo ya haya yote yalionekana ku supermarket. Zamani ulisimama mbele ya meza, boyi wa duka anakuletea kitu kimoja kimoja. Sasa unasukuma kigari (kilibuniwa na mwenye duka mmoja wa Oklahoma City, Sylvan Goldman, mwaka 1937) na unajichukulia mwenyewe. Televizio ilikuwa ku nyumba moja kati ya karibu kumi na moja mwaka 1950. Mwaka 1960 ilikuwa ku karibu tisa kati ya kumi. Kampuni Swanson ya Omaha ikaunganisha mambo mawili: sahani ya aluminiumu yenye dindo, viazi na njegere, imegandishwa tayari, unaipasha moto ku furu na unakula ukiangalia televizio. Bei, senti 98. Kwa mtumikaji wa kiwanda, zaidi ya nusu saa ya kazi. Mtu wa kwetu aliyezoea bugali ya kulia ku sinia moja na wenzake atashangaa kidogo: kila mtu na sahani yake, macho yote ku kioo.

Na nyumba. Ku Levittown, New York, mwaka 1949, nyumba mpya ilikuwa dola 7,990, na Leta ilisaidia mkopo. Zaidi ya nyumba 17,000 zilijengwa kwa miaka michache. Lakini mikataba ya kwanza iliandika wazi kwamba nyumba isikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa mtumishi. Levittown ya pili, ya Pennsylvania, ilipopata familia ya kwanza ya weusi mwezi wa 8 mwaka 1957, Bill na Daisy Myers pamoja na watoto wao, watu kwa mamia walikusanyika mbele ya nyumba usiku baada ya usiku wakirusha mawe. Kwa hiyo bei ya dola 7,990 ilikuwa bei kwa wamoja. Kwa wengine haikuwa bei hata kidogo, juu hawakuruhusiwa kuilipa.

Turudi shambani. Ukizalisha mara mbili na tumbo la mtu halikui mara mbili, unajua kitakachofuata. Kuanzia 1952 hivi, bei mkulima aliyopata ilianza kushuka, na trakta, mbolea na dawa aliendelea kuzinunua bei ya juu. Leta ilikuwa imeahidi kununua nafaka ili bei isianguke, basi ikanunua, ikanunua, mpaka maghala yakajaa. Kulikuwa na meli za zamani za vita zimefungwa ku mto Hudson, juu kidogo ya New York, zilijazwa ngano. Meli! Nchi ilikuwa na chakula hadi inakiweka ndani ya meli zisizoenda popote. Mwaka 1954 Eisenhower akatia sahihi sheria ya kupeleka ile ziada inchi za inje, kwa mkopo mwepesi ao bure. Ngano na unga ule ulifika hata Kongo yetu baada ya 1960, na makopo ya mafuta yenye bendera ya Marekani ambayo watu wa kambi za Kivu wanayajua vizuri yanatoka ku sheria ile ile. Mkulima wa kwetu aliyeshindwa kuuzisha mahindi yake wiki msaada ulipofika, naye alikuwa analipa kipande cha hiyo hesabu, bila kuijua Iowa.

Kule kwao, mkulima mdogo alilipa kwa kuondoka. Watu waliokaa ku mashamba walikuwa milioni 30 mwaka 1940. Milioni 23 mwaka 1950. Chini ya milioni 16 mwaka 1960. Kwa miaka ishirini, nusu ya watu wa shamba waliondoka. Wamoja waliuzisha vizuri wakapata kazi nzuri mjini. Wengine hawakuwa na kitu cha kuuzisha.

Hao wa mwisho tuwatafute mu Mississippi. Tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 1944, ku plantasio ya Hopson karibu na mji wa Clarksdale, watu wengi walikuja kuangalia mashini nane nyekundu za kuvuna pamba. Kila mashini ilivuna kama watu 50. Mwenyeji alipiga hesabu: mzigo mmoja wa pamba kwa mashini, dola 5.26, kwa mikono ya watu, dola 39.41. Mfumo wa wakati huo ulikuwa hivi: familia ya weusi inapewa kipande cha shamba, nyumba ya mbao, mbegu na chakula kwa deni, mwisho wa mwaka mavuno yanagawanywa nusu kwa nusu, na kitabu cha deni kinawekwa na patro peke yake. Mara nyingi ilitoka kwamba familia haikupata kitu, ao bado inadaiwa. Sasa na mashini, hata deni lao halikutafutwa tena.

Treni ilitoka Clarksdale hadi Chicago. Kati ya 1940 na 1970 karibu watu weusi milioni 5 walitoka kusini kwenda kaskazini na magharibi. Mmoja wao alikuwa dereva wa trakta ku plantasio ya Stovall, McKinley Morganfield. Alikuwa analipwa senti 22 na nusu kwa saa. Mwaka 1943 akaomba 25, kapita akakataa kwa hasira, na siku chache nyuma alipanda treni. Ku Chicago alipata kazi ya kiwanda, akanunua gitare ya umeme juu ku vilabu kulikuwa kelele nyingi, na dunia ikamjua kwa jina la Muddy Waters. Muziki wa rock wa Waingereza wa miaka ya 1960 ulikunywa ku kisima chake. Yote kwa senti mbili na nusu ambazo kapita hakutaka kutoa.

Na wale waliobaki? Mwezi wa 8 mwaka 1955, wakati wa kuvuna pamba, kijana wa miaka 14 wa Chicago, Emmett Till, alikuja kutembelea ndugu wa mama yake mu Mississippi. Aliingia duka la wazungu kununua chingamu ya senti 2, na ikasemwa kwamba alimpigia mluzi mke wa mwenye duka. Usiku wa tarehe 28 wanaume walikuja kumtoa ndani ya nyumba ya mzee Moses Wright. Maiti ilitolewa mtoni siku tatu nyuma. Mama yake, Mamie Till, alikataa sanduku kufungwa. Alitaka watu waone, na jarida la weusi Jet likachapisha picha. Ku tribinali ya Sumner, mzee Wright, mulimaji wa nusu kwa nusu asiye na shamba lake, alisimama mbele ya waamuzi wazungu watupu na kuwaonyesha kwa kidole waliomchukua mtoto. Waamuzi kumi na wawili, wote wanaume wazungu, walitumia saa moja na kidogo kuwaachilia. Miezi michache baadaye washitakiwa walieleza wenyewe ku jarida kubwa namna walivyoua, na walilipwa karibu dola 4,000 kwa hiyo habari. Mzee Wright alikimbilia Chicago. Pamba yake ilibaki shambani.

Ukiona hesabu ya watu waliohama vijiji, ndani yake kuna mzee huyo. Takwimu inamhesabu sawa na yule aliyefuata mshahara wa kiwanda.

Upande wa California hali ilikuwa ingine lakini mshahara ulifanana. Kati ya 1942 na 1964 Marekani ilifanya mapatano na Meksiko ya kuleta wanaume wa kutumika shambani kwa muda. Mikataba zaidi ya milioni 4 ilitiwa sahihi. Walitumika ku saladi, ku beterave, ku nyanya, mara nyingi na jembe la mpini mfupi, lenye urefu wa mkono tu. Wenye mashamba walisema kazi inakuwa safi zaidi, mche hauumii. Labda. Lakini jembe hilo lilikuwa na faida ingine kwa kapita: kutoka mbali anaona mara moja nani amenyoosha mgongo. Lilikatazwa California mwaka 1975, baada ya minganga kueleza namna lilivyoharibu uti wa mgongo.

Televizio, ile ile ya kulia dindo la senti 98, ndiyo iliyoleta watu hao ndani ya nyumba. Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1960, siku moja baada ya sikukuu ya Thanksgiving ambapo kila familia inakula dindo mpaka inachoka, CBS ilitoa filme ya Edward R. Murrow, Harvest of Shame. Ilionyesha watumikaji wa Florida wanaopakiwa ku kamio alfajiri, wanafuata mavuno kutoka jimbo hadi jimbo, watoto wanabaki peke yao. Murrow alichagua siku hiyo makusudi. Miezi michache nyuma Kennedy alimpa kazi ya kuongoza biro ya Leta ya kueleza Marekani kwa dunia, na Murrow huyo huyo akaomba BBC isionyeshe filme yake mwenyewe. BBC ikaionyesha. Mimi sipendi kumcheka: mtu akipewa kiti cha Leta, macho yake yanaanza kuona aibu ya Leta.

Mwaka 1965 mshahara wa chini ulikuwa dola 1.25 kwa saa. Mwaka huo huo, mu Mississippi, watu wanaopalilia pamba walikuwa wanapata karibu dola 3 kwa siku nzima ya saa kumi. Wamoja waliunda sendika ku mji mdogo wa Shaw na kugoma, wakidai dola 1.25, wengi walifukuzwa ku nyumba za patro. Mwaka 1966 Kongresi mwishowe iliingiza sehemu ya watumikaji wa mashamba ndani ya sheria ya 1938, miaka 28 nyuma, na kuanzia mwezi wa 2 mwaka 1967 walipaswa kulipwa dola moja kwa saa.

Wenye plantasio walipiga hesabu haraka. Kwa dola moja, dawa ya kuua majani ilikuwa rahisi kuliko mikono. Masika ile, watu kwa maelfu hawakuitwa kupalilia. Mwezi wa 4, seneta Robert Kennedy na seneta Joseph Clark walikuja kutembea mu Delta ile, udongo mzuri kuliko karibu wote wa Marekani, na ku nyumba za mji wa Cleveland walikuta watoto wenye matumbo yaliyovimba kwa njaa. Zamani Leta iligawa pale unga na maziwa ya unga ya ziada, bure. Sasa iligawa karata za chakula za kwenda nazo ku duka, na karata zenyewe ziliuzishwa: zisizopungua dola 2 kwa kila mtu kwa mwezi. Ku nyumba ambayo hakuna aliyeitwa kupalilia, dola 2 hazikuwako.